Tulianzisha chakula cha pamoja baada ya Meza ya Bwana, mwezi wa pili tu tukagombana. Tuache au tuendelee?

AltoWaPili (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na nyie wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia, na ambao hamsali popote karibuni tu ila msinichanganye. Naomba ushauri, samahani ni ndefu.

Nasali kanisa moja huku Dar, jina silitaji na mnaonijua naomba mnyamaze. Meza ya Bwana tunashiriki Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mimi nimekulia kijijini Njombe na kule siku ya Meza ya Bwana ilikuwa inaenda siku nzima, watu wanatoka mitaa ya mbali kwa miguu na baridi lile, ibada ikiisha kinamama wameshaivisha, mnakaa chini ya mikaratusi na sahani zenu mlizotoka nazo nyumbani mnakula ugali na maharage, hapo ndo unajua nani kafiwa, nani kajifungua, nani hajaonekana mwezi wa pili sasa na kwanini. Huku mjini nikakuta kikombe cha plastiki kama kifuniko cha dawa ya kikohozi, kipande cha mkate ukubwa wa kucha ya kidole gumba, dakika kumi imeisha, baraka, watu getini, foleni ya magari. Kuna dada nimekaa nyuma yake miaka mitatu, nikipishana nae Kariakoo simjui, namjua kisogo na mitindo yake ya kusuka.

Basi mimi na kinamama wenzangu watatu wa kwaya tukapeleka wazo kwa wazee wa kanisa, kwamba Jumapili ya Meza ya Bwana watu wasikimbilie makwao, kila mtu aje na chochote tule pamoja uani. Wakakubali tujaribu. Mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri mpaka nililia. Mtu kaleta viazi, mwingine chapati nne kwenye leso, mama mmoja mjane kaleta ndizi mbivu tu kwa sababu ndo alichokuwa nacho, tukaweka pamoja tukala, tumeondoka pale saa kumi.

Mwezi wa pili sasa. Ikaundwa kamati. Mnazijua kamati. Wakasema ule utaratibu wa kila mtu na kikapu chake hauna hadhi, wakachangisha, familia moja yenye uwezo ikasema italeta kuku na soda na maji ya chupa. Nafika uani nakuta maturubai mawili. Moja lina meza kuu, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, viti vimevalishwa, hapo ni mchungaji na wazee na kamati na waliochangia, pilau kuku. La pili viti vya kukodi na foleni, wali maharage. Na mbaya zaidi walianza kula ibada ya pili haijatoka, yaani ndani watu bado wanasubiri kikombe cha Bwana huku harufu ya pilau inaingia madirishani na vijiko unavisikia. Walimu wa sande skuli na watoto wao, wadada wa kazi waliopewa ruhusa ya ibada ya pili, wale wanaobaki kuosha vikombe, wote wametoka wamekuta sufuria linakwanguliwa. Mlinzi wa geti, ambaye muda wote huo alikuwa analinda magari ya wanaokula, aliletewa ukoko na mchuzi wa maharage kwenye mfuniko wa hotpoti.

Yule mama wa ndizi mbivu akasema, sio kwa kelele ila wote tulisikia, "mle ndani tulikuwa wamoja, kumbe mwisho wake mlangoni." Akachukua mkoba wake akaondoka. Mke wa mmoja wa kamati akamjibu vibaya, mwingine akamjibu huyo, ikawa vurugu, mchungaji anaangalia sahani yake.

Sasa wazee wanataka kufuta kabisa, wanasema Meza ya Bwana ni jambo la kiroho, tumbo kila mtu akalishughulikie kwake. Mimi roho inakataa ila sina hoja zaidi ya "kijijini tulikuwa tunafanya". Mnasemaje?

Kibuyu_Tupu

1 Wakorintho 11:34, mtu akiwa na njaa na ale nyumbani kwake. Kesi imefungwa, turudi kwenye mpira.

Ila dada, mbongo ukishamwekea kuku upendo wa Kristo unakaa pembeni kwanza. Mimi msibani nimeshuhudia watu wazima wawili wanavutana hotpoti, tena wafiwa. Futeni mbaki na amani yenu.

Rungwe1891

Kibuyu umesoma mstari wa mwisho ukaruka wa juu yake. Wa 33 unasema mkutanikapo mpate kula, mngojane. Hakusema acheni kula, kasema ngojaneni. Huwezi kumwambia mtu amsubiri mwenzake kwenye chakula ulichokifuta.

Dada Alto wala usione aibu, kilichotokea uani kwenu ndo hichohicho kilichomfanya Paulo akaandika ile sura. Wengi 1 Kor 11 tunaijua kuanzia mstari wa 23, usiku ule aliotolewa, maana ndo unaosomwa mezani, ile ya 17 mpaka 22 tunaipita kama kituo kisicho na abiria. Ipo hivi. Korintho hawakuwa na jengo la kanisa, walikutana nyumbani kwa mwenzao mwenye nafasi. Chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi kwa kawaida kilikuwa na makochi matatu, kila kochi watu watatu, jumla tisa, basi. Wengine uani. Sasa nani anaingia kwenye wale tisa? Marafiki wa mwenye nyumba, ambao nao hawana bosi, wanafika jua bado lipo na divai yao mkononi. Watumwa na vibarua wanafika wakishaachiwa kazini, maana Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama Jumanne tu, mapumziko ya Jumapili yaliletwa na kaisari Konstantino mwaka 321, zaidi ya miaka 250 baada ya barua ile. Wakifika mkate umeisha. Ndo Paulo anasema huyu ana njaa na huyu amelewa, anawauliza mnawatahayarisha wasio na kitu? Wadada wako wa kazi wamo kwenye hiyo barua, na mlinzi wa geti yumo.

Na meza kuu wala hawakuibuni kamati yenu. Kuna bwana mkubwa mmoja wa Kirumi, Plinio, mpagani kabisa, ana barua analalamika alialikwa mahali akakuta mwenyeji kagawa divai madaraja matatu, nzuri yake na wakubwa wenzake, nyingine ya marafiki wadogo, ya mwisho ya watumwa walioachwa huru. Akasema mimi kwangu wote tunakunywa aina moja. Akaulizwa hiyo si gharama? Akajibu hapana, kwa sababu wao hawanywi ninachokunywa mimi, mimi ndo nakunywa wanachokunywa wao. Mpagani huyo, na wazee wa kanisa wapo kwenye viti vilivyovalishwa.

Huyuhuyu Plinio baadae, karibu mwaka 112, akiwa gavana wa Bithinia, Uturuki ya leo, ndo anamwandikia kaisari Trajani kuhusu Wakristo. Alikuwa amewahoji, wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa kawatesa kabisa, anataka kujua huko gizani wanafanya nini. Alichopata ni kwamba wanakutana alfajiri wanamwimbia Kristo, wanatawanyika, halafu wanakutana tena kula chakula cha kawaida kisicho na madhara. Basi. Yaani kula kwao pamoja kumefika mpaka kwenye barua ya kaisari na wewe wazee wako wanakwambia ni mambo ya tumbo.

Ni kweli baadae vilitenganishwa. Justini, Mkristo msomi, akiandika pale Roma katikati ya karne ya 2 tayari anaeleza ibada ya Jumapili ya mkate na kikombe peke yake, na karne ya 4 mtaguso wa Laodikia ukakataza zile karamu za upendo kufanyika ndani ya makanisa. Ila hata kwa Justini ona utaratibu, mashemasi wanawapelekea walioshindwa kufika, na sadaka ya siku hiyo inaenda kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mlinzi wa geti angepelekewa, na sio ukoko.

Vile vikombe vya kifuniko cha dawa navyo umri wake mdogo, vilianza Marekani miaka ya 1890 watu walipoanza kuogopa vijidudu, kabla ya hapo ni kikombe kimoja mnapokezana. Sisemi mrudi huko, nasema tu visikutishe ukadhani vimetoka mbinguni.

Mimi ni Mmoraviani wa huku juu. Kwetu tunasimuliana ile ya tarehe 13 Agosti 1727, wakimbizi wa dini pale Herrnhut Ujerumani walikuwa wamegombana wao kwa wao mpaka wamechokana, siku hiyo wakaenda Meza ya Bwana kanisa la kijiji cha jirani, wakatoka wamepatana, ikawa hawataki kuachana warudi majumbani, bwana Zinzendorf, kabaila aliyewapa hifadhi, akaamua wapelekewe chakula kutoka kwake ili waendelee kukaa. Hiyo ndo mbegu ya karamu ya upendo ya Kimoraviani, na ni kanisa hilohilo lilifika Rungwe 1891. Angalia mpangilio dada, wale waligombana, wakapatana, ndo wakala. Nyie mmekula mkagombana, bado kupatana. Hapo ndo mpo, hamjafika kwenye kufuta.

Kibuyu_Tupu

Aiseee nimekuja kutania nimeondoka na somo. Ila kukwambia ukweli hiyo ya Plinio na divai nimeipenda, bosi wangu atumiwe.

BabuWaJumuiya

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi nitawapinga kidogo, msinione mkorofi. Nimezaliwa 1943, komunyo ya kwanza nimepokea na miaka 9, na enzi hizo kuanzia saa sita usiku hutakiwi kumeza kitu, hata tone la maji. Tunatembea alfajiri kwenda misheni, njiani kuna kijito, unapita juu ya mawe unayasikia maji na koo limekauka, mkubwa wetu anatuangalia asije mtu akainama. Watoto walikuwa wanadondoka misani. Baadae Papa Pius wa 12 akalegeza, 1953 maji yakaruhusiwa, 1957 ikawa masaa matatu, na 1964 Papa Paulo wa 6 akaiacha saa moja mpaka leo. Sisemi turudi, ila ile kiu ilinifundisha kwamba hiki ninachokwenda kupokea sio chai ya asubuhi. Mkichanganya sana na pilau, mtoto atajuaje tofauti? Ekaristi ibaki Ekaristi.

Ila sasa mwanangu Alto, kula pamoja nako kunatakiwa kuwe na pahala pake, na sisi Wakatoliki huku pahala hapo ni jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walishalisema hilo tangu miaka ya 70, kwamba kanisa la huku liote kwenye jumuiya ndogondogo. Sisi ya kwetu ni kila Jumamosi saa 12 asubuhi, tunazunguka nyumba kwa nyumba, ukifika kwa mwenye chumba kimoja mnakaa kitandani kwake, wengine mlangoni, unaona kabisa dari lake linavuja wapi.

Na nikupe siri. Sisi pia tuliharibikiwa na chakula. Mwanzo mwenye zamu alitoa chai kavu. Akaja mmoja akaongeza maandazi. Wa tatu asishindwe, mayai. Ikafika mtu kachemsha supu ya ng'ombe saa 12 asubuhi. Tukaanza kuona watu wakikaribia zamu yao wanasafiri, mara mgonjwa, mara nyumba inapakwa rangi. Siku moja mama mmoja wa kufua nguo za watu akanifuata akasema babu naomba zamu yangu irukwe. Nilijisikia vibaya mpaka leo. Tukakaa tukapiga marufuku, jumuiya ni maji ya kunywa tu, mwisho. Na yule mama zamu yake ikafika, tukaenda, akatupa maji kwenye jagi, tukasali vizuri.

Kwahiyo msifute. Shusheni.

AltoWaPili

Shikamoo babu. Hiyo ya "naomba zamu yangu irukwe" nimeisoma mara tatu.

SabatoNjema

Sabato njema kwa wahusika. Sisi Wasabato Meza ya Bwana ni kila robo mwaka, na kabla ya mkate na juisi ya zabibu kuna kutawadhana miguu kama Yohana 13, wanaume chumba chao wanawake chao. Watu huwa wanaichukulia kama kionjo cha dhehebu ila kwa ishu yenu ndo dawa.

Niwaambie inavyokuwa. Mnakuta mabeseni yamepangwa, maji ya uvuguvugu, taulo. Unatafuta mwenza. Na hapo ndo kasheshe, sababu kila mtu anataka kutawadhana na rafiki yake, unamkwepa yule wa deni. Mimi nilikuwa nadaiwa laki mbili na ndugu mmoja, miezi mitano namzungusha, simu sipokei. Siku hiyo nachelewa kuingia, wawili wawili wameshapangana, nainua macho amebaki yeye na beseni. Nikapiga magoti. Ana mguu una kidonda cha zamani kwenye kifundo, nilikuwa sijui, alichomwa na bomba la pikipiki akiwa dereva wa boda. Sikupata maneno. Yeye ndo akasema, lipa kidogo kidogo basi. Tulivorudi kuketi mezani ule mkate ulikuwa na ladha nyingine, mwaka huo nimelipa mpaka senti ya mwisho.

Nachosema ni kwamba mke wa kamati na yule mama wa ndizi hawawezi kukaa meza moja wala turubai moja kabla mmoja hajashika mguu wa mwenzie. Sio lazima beseni. Ila aende kwake.

mkaa_pembeni

Mnajadili kuku na mimi nasoma hapa kimya. Nina mwaka wa 11 sijapokea Meza ya Bwana. Naishi na mama watoto wangu, watoto watatu, mahari nimemaliza juzijuzi, ndoa ya kanisani hatujafunga kwa sababu kila tukipanga ndugu wanaleta bajeti ya harusi ya mamilioni. Kanisa linasema mpaka tubariki ndoa, sawa, sikatai, utaratibu ni utaratibu. Ila hamjui ilivyo. Wahudumu wanaita benchi kwa benchi, wakifika letu wote wananyanyuka, mimi nakunja miguu pembeni wapite. Jumapili zote hizo. Nimeshajua viatu vya kila mtu.

Mwaka jana kanisani kwetu tukala pamoja siku ya mavuno, baada ya mnada wa mazao, ugali na samaki, sinia kubwa, tukazunguka na mchungaji yupo. Mwanangu wa miaka 6 akaniuliza mbele za watu, baba leo umeruhusiwa?

Sasa dada yangu wakisema wanafuta, wajue kuna wengine hiyo ya uani ndo meza pekee tuliyobaki nayo.

Kibuyu_Tupu

Mkuu mkaa_pembeni hapa sitanii. Mimi nilifunga Jumatano saa tisa alasiri. Watu sita. Notisi ya siku 21 ikapita, kanisani ikatangazwa kama kawaida, mashahidi wawili, shemeji yako kavaa gauni alilokuwa nalo, tukanywa chai na mikate ya kumimina kwa mchungaji. Ndugu walinuna kama miezi miwili hivi, wakazoea. Harusi ni ya kamati, ndoa ni yenu wawili. Nenda kamuone mchungaji wiki hii, usiombe ruhusa ya wajomba.

mkaa_pembeni

Nimeinakili. Asante kaka.

mwana_wa_Chumbageni

Mimi Mkristo wa Tanga, niseme tu wazi hapa majirani zetu Waislamu wametupita. Nenda maulidi yoyote mtaani. Linakuja sinia la pilau, mnalizunguka watano sita, pembeni yako anaweza akawa mwenye maduka au muuza kahawa, mkono mmoja bakuli moja, nyama ipo katikati na adabu inataka umsogezee mwenzio. Hakuna turubai la VIP kwa sababu sinia halina mbele wala nyuma. Na neno lenyewe tunalo la siku nyingi, kula shirika, ndo kukaa sinia moja. Sasa sisi tumelichukua tukaliita Ushirika Mtakatifu, tukalivalisha kanzu nyeupe, halafu nje tunapanga foleni mbili. Mzee yule wa Rungwe katoa historia ya Warumi, mimi natoa ya mtaa wa pili.

MpishiMstaafu

Wanangu mmeongea dini yote ila mimi nimepikia misiba, vipaimara na harusi zaidi ya miaka 20, na nawaambia tatizo lenu ni upakuaji.

Sikia Alto. Kwanza chakula kiwe cha aina moja. Ukipika aina mbili umeshaumba watu aina mbili, haina mjadala. Pika makande, yaunge nazi na kitunguu kingi, hakuna tajiri atakayetamani kuyahodhi na hakuna maskini atakayeona aibu kuyaomba tena. Yule anayeng'ang'ania kuku wake mwambieni sawa baba lete, halafu mnamkata vidogovidogo anaingia kwenye mchuzi wa wote, akimtafuta hamuoni. Mkitaka wali, kilo ya mchele hesabu watu saba, nane kama kuna mboga ya kutosha, msihesabu kumi kama kamati zinavyopenda halafu mnashangaa.

Pili, sufuria halifunguliwi mpaka ibada ya mwisho imetoka na watoto wametoka. Mkae juu ya mfuniko ikibidi. Tatu, sahani za kwanza kabisa ni za walio kazini, mlinzi, walimu wa watoto, wanaoosha vikombe, zinapakuliwa zikiwa zimejaa, zinafunikwa, zinawekwa pembeni na mtu mmoja mkali anazilinda. Nne, kamati na wapishi mnakula mwisho, kikiisha mmeisha nacho. Mchungaji apange foleni na sahani yake, akijifanya hajui foleni inaanzia wapi mwonyesheni.

Na hivyo viti visivalishwe nguo. Kwani vinaona baridi?

Rungwe1891

Mama umemaliza barua ya Paulo kwa aya nne.

AltoWaPili

Wapendwa nimerudi, mwezi na kitu umepita, nilisema nitaleta mrejesho.

Niliomba dakika tano kwenye kikao cha wazee. Sikutoa hoja yoyote, nilisoma tu 1 Kor 11 kuanzia mstari wa 17 mpaka 34, polepole. Nilipomaliza kukawa kimya, mzee mmoja ambaye ni wa zamani sana pale akaomba Biblia yangu aangalie mwenyewe, akasema kumbe na hii ipo. Wengine walibaki na msimamo wao, mmoja akasema mimi kinachonitisha ni gharama, ila wakatoa mwezi mmoja wa majaribio, kamati ikavunjwa, sisi wanne wa kwaya tukapewa sufuria.

Tulienda kwa yule mama wa ndizi, mimi na wenzangu wawili, na mke wa yule wa kamati nikamfuata kwake nikamwomba twende wote. Alikataa. Akakataa tena. Siku ya kwenda nikamkuta kituoni ananisubiri, hata salamu hakunipa, akapanda daladala. Kwa yule mama hakukuwa na maneno mengi, walikaa tu, ila huyu dada aliona mama anahangaika na jiko la mkaa akachutama akalipepea mpaka likawaka. SabatoNjema nilikukumbuka.

Jumapili yenyewe makande, nazi, vitunguu kama mpishi alivyoagiza. Ibada ya pili ilitoka saa 7 na dakika 20 na watu wa ibada ya kwanza waliobaki walinuna kweli, mtu anaangalia saa anaangalia sufuria, ila hakuna aliyefungua. Mchungaji alisimama nyuma ya dada mmoja wa kazi, akawa anaongea nae, anatoka Singida, kumbe ni kijiji kimoja na mama yake mchungaji, mwaka mzima anasali pale hawajuani. Mlinzi wa geti tukampelekea sahani yake imejaa akakataa kula amesimama, na geti hawezi kuliacha, basi mzee mmoja wa kanisa, yuleyule wa kumbe na hii ipo, akavua koti la suti akakaa kwenye kile kiti cha mlinzi akawa anafungua magari mpaka mwenzie alipomaliza kula uani. Watu walikuwa wanampigia honi hawajui ni nani.

Mama wa ndizi hakuja. Alimtuma mjukuu wake na mkungu mzima.

Na ile familia ya kuku nao hawakuja, sijui wamenuna au walisafiri, ila saa 8 dereva wao alileta kreti mbili za soda. Ndo 48 hizo na sisi tulikuwa watu 130 na zaidi. Tumezifungia stoo, hakuna aliyethubutu kuzigawa. Mwenye wazo aseme.

MpishiMstaafu

Zote kwenye ndoo mbili safi na barafu, mnachota kidogokidogo kwa vile vikombe vyenu vya Meza, 130 wanapata.

BabuWaJumuiya

Hapo kwenye vikombe vya Meza, hapana.